Lita Ishirini za Mlimani

Gari lenyewe liliitwa Mlevi, na jina hilo halikutoka kwa adui. Lilitoka kwa mke wa mwenye gari, siku ya tatu tu tangu liingie uani, alipomwona mumewe anamimina dumu la pili la dizeli hata chai hajanywa. "Hili ni gari au mlevi?" akauliza. "Na mlevi ana nafuu. Siku moja moja hupita kilabuni asiingie." Watoto wakacheka mpaka wakamwaga chai, na jina likashika.

Usimlaumu mwenye gari. Alikuwa fundi wa milango, madirisha na mageti ya chuma, na geti la chuma si kikapu cha mboga. Ukilipakia kwenye kigari kidogo, kigari kinakaa kitako barabarani. Alihitaji pikapu la kazi nzito, akalipata: magurudumu mawili mawili nyuma, injini kubwa, boneti pana ungeweza kulaza mtoto na mto wake. Kuvuta lilivuta. Ila ni kilomita nne kwa lita, na hapo barabara ni tambarare na mzigo una adabu. Mlimani, tatu. Kiyoyozi, jamani, hakijaguswa tangu siku ya kwanza.

Basi nyumba nzima ikajifunza kuhesabu kwa lita. Shule ilikuwa robo lita, watoto wakaenda kwa miguu. Hospitali, lita moja na nusu. Kwa mama mkwe lita kumi na nane, na ndiyo maana mama mkwe alionekana mara moja kwa mwaka. Fundi aling'oa siti ya nyuma ili kupunguza uzito. Kwenye mteremko alizima gari likajiendea lenyewe, usukani mgumu kama jiwe, mkewe ameshika dashibodi anaomba. Shangazi wa mke, mama wa mwili wake, aliomba lifti siku moja akaambiwa, "Shangazi, wewe peke yako ni nusu lita." Mpaka leo hajamsamehe.

Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa siku nyingi. Fundi akakata ubapa mwembamba wa chuma, akautia alama kwa msumeno, kila alama lita kumi, mpaka mia na thelathini. Asubuhi aliutumbukiza kwenye tangi, jioni aliutumbukiza tena, akautoa na kuusoma kwa makini kama daktari anayesoma homa. Hakuwahi kujaza tangi. Alitia nusu, kwa sababu aliamini gari likijua lina mafuta mengi linakunywa zaidi. Cheka, lakini alikuwa na imani hiyo.

Aliyeliendesha hilo gari zaidi ni mdogo wake, ambaye marehemu mama yao alimwita Kitinda, jina likamganda mpaka ukubwani. Mama alipofariki, Kitinda alikuwa na miaka kumi na Fundi alikuwa ameoa juzi tu. Fundi ndiye aliyemlea. Alimsomesha, akamfundisha kuchomelea, akamfundisha kuendesha, akamfokea alipostahili na pengine hata asipostahili. Kitinda akawa kijana mrefu, mpole, mzito wa maneno. Ukimuuliza jambo leo, anakujibu kesho kutwa. Lakini mikononi mwake Mlevi alitulia, na hilo hata Fundi alilikiri.

Ikaja kazi ya mlimani. Shule moja huko juu ilikuwa inajenga mabweni na ilitaka madirisha, milango na vitanda vya chuma, safari kumi na mbili kwa jumla. Kwenda na kurudi ni lita mia na kumi, na njiani hakuna kituo hata kimoja cha mafuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mlevi angejazwa tangi zima.

Kabla ya safari ya kwanza, Fundi alilitengenezea fremu ya kubebea madirisha yakiwa yamesimama. Fremu nzuri, kwa kweli. Aliichomelea ikapita juu ya bodi la mizigo la nyuma, ambalo chini yake limekaa tangi, na kushuka hadi kwenye chasisi, uti wa mgongo wa gari, kitu kimoja, hakitikisiki. Na alikuwa mwangalifu. Alitoa dizeli yote tangini, akapenyeza magunia yaliyolowa maji kwenye mwanya wa juu ya tangi na mipira yake, na Kitinda akalala chini ya gari nusu siku akiyashikilia yasiteleze. Jioni walisimama wawili wanaitazama ile fremu. "Hii itatuzika sote," Fundi akasema kwa majivuno, akampiga mdogo wake begani.

Safari ya kwanza Kitinda aliondoka tangi limejaa, akarudi kesho yake. Fundi akatumbukiza kipimo. Zilipaswa kubaki lita ishirini, lakini ubapa ulitoka mkavu, umelowa nchani tu.

"Kaka, tukianza kupanda nasikia harufu ya dizeli," Kitinda alisema. "Nikisimama nikaangalia, sioni kitu."

"Mkianza? Wewe na nani?"

"Mimi na gari."

Waliingia chini ya gari wote wawili. Palikuwa pakavu. Safari ya pili, mambo yale yale. Safari ya tatu, yale yale, tena shati la Kitinda linanuka dizeli kifuani na mgongoni. Alisema alikuwa analala chini ya gari njiani kutafuta panapovuja. Fundi alilishika lile shati kwa vidole viwili. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na hakuwa anatania.

Aliitwa makanika, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akachungulia, akagonga tangi, akasema, "Kwa chini sioni. Juu ya tangi sifiki. Tukate hii fremu, tunyanyue bodi, tuone."

"Fremu yangu haikatwi."

"Utaichomelea tena, si kazi yako?"

"Nimesema haikatwi. Kama tangi limetoboka litavuja hata likisimama. Umeona tone?"

"Sijaona."

"Basi."

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo roho yangu huuma nikihadithia. Fundi hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, tungemtukana tukaenda zetu. Alikuwa mtu wa haki, na akataka kumhukumu mdogo wake kwa haki. Akasema nitalipima gari mwenyewe. Akatia nusu tangi, kama desturi yake, akaendesha siku mbili mjini kwenye barabara zake tambarare, akapeleka mageti, akarudi, akapima. Hata kikombe hakikupotea. Akapima mara mbili. Kisha akaketi kwenye kibao cha karakana ameinamisha kichwa, maana alikuwa amepata jibu na hakulipenda.

Alimwita Kitinda saa sita mchana, vijana watatu wa karakana wapo, mashine zimezimwa. Angeweza kumwita pembeni, lakini hakumwita.

"Likiwa na mimi halipotezi. Likiwa na wewe linapoteza lita ishirini kila safari. Nieleze."

"Sijauza mafuta yako, kaka."

"Zimekwenda wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Ulikuwa nalo wewe, ulilala nalo wewe, na hujui. Unanyonya kwa mpira unauza njiani, halafu unaniletea hadithi za harufu."

Kitinda, nimekwambia, alikuwa mzito wa maneno. Fundi akasema, "Weka ufunguo mezani." Kijana akautoa ufunguo, akaufuta kwa shati, akauweka taratibu karibu na makopo ya rangi, akatoka. Wale vijana watatu hawakujua pa kutazama. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua, na kufikia mwisho wa wiki ile Kitinda alikuwa na jina jipya: Dumu.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, baba watoto," mkewe alimwambia. "Shemeji yangu haibi. Nimekaa naye tangu anakojoa kitandani. Sukari yenyewe anaomba."

"Kipimo hakisemi uongo."

"Kipimo umekikata wewe."

Fundi akauchukua ubapa wake, akatoka kwenda kupima tangi.

Lakini bado, bado hilo lingepona. Ndugu hugombana wakapatana. Lililoua ni lile la siku tisa baadaye. Kitinda alikuwa amechumbia binti mmoja mshonaji, mwenye duka dogo la kushona sare za shule mitaa miwili kutoka karakana. Waliopita pale walimjua Kitinda, kwa sababu kila jioni alikuwa amesimama mlangoni hasemi kitu, na binti anashona huku anacheka peke yake. Posa ilikuwa imepelekwa, imepokelewa. Sasa baba wa binti akaja na ndugu yake mmoja, wakaketi sebuleni kwa Fundi. Kitinda naye aliitwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Tumesikia maneno mitaani," baba wa binti alisema. "Maneno ya mitaani mimi siyafuati. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye baba yake. Niambie tu, huyu kijana ni mwaminifu?"

Angeweza kusema ni mambo ya ndani, tunayamaliza. Angeweza kusema damu ni nzito kuliko maji. Mkewe, aliyekuwa anapitisha sinia ya vikombe, alimtazama kwa macho ya kumsihi. Lakini Fundi alijiona anaulizwa na mzazi mwenzake swali la kweli, na yeye alijisifu kwamba hajawahi kumdanganya mgeni.

"Siwezi kukuficha," akasema. "Ufunguo wa gari langu simpi."

Baba wa binti akamgeukia Kitinda. "Na wewe, mwanangu? Unasemaje?"

Kitinda alimtazama kaka yake.

"Kaka ameshasema," akajibu.

Basi, yakaisha hapo. Wazee wakaaga kwa heshima zote, chai haikunywewa, na posa ikarudi juma lile lile. Fundi alijiambia: ona, amekiri mwenyewe. Alilala usingizi mzuri kwa sababu hiyo, na ni usingizi huo ndio unaomtesa leo. Kitinda alifunga nguo zake kwenye mfuko, akamuaga shemeji yake jikoni, akaenda kupanga chumba upande wa pili wa mji. Alitafuta kazi ya udereva. Lakini nani atampa gari mtu anayeitwa Dumu? Mwaka uliofuata mshonaji akaolewa na mtu mwingine.

Kazi ya mlimani ilikwisha kwa magari ya kukodi. Mlevi akabaki mjini na nusu tangi yake, na kila jioni Fundi alipima akakuta sawasawa. "Mnaona?" alisema. "Tangu aondoke, hata tone." Miaka minne alisema hivyo. Mwaka wa nne alikuwa anasema kwa sauti ndogo, hasa akiwa peke yake.

Kisha ile shule ya mlimani ikaagiza milango ya jiko lao jipya. Safari moja tu. Fundi hakuwa na dereva, kwa sababu hakuwa akimwamini mtu tena, akasema nitakwenda mwenyewe. Akajaza tangi mpaka juu. Akatoka asubuhi.

Alipoanza kupanda, akasikia harufu ya dizeli.

Alisimamisha gari, akashuka, akainama. Pakavu. Akapanda tena, harufu ikaja tena, nzito, ya kuumiza kichwa. Alijisemea ni gari limezeeka. Akashusha milango, akalala kule, asubuhi akageuza kurudi. Njia ya kurudi nayo ina vilima vyake. Saa tano asubuhi, jua kali, bado kama kilomita arobaini afike, Mlevi akakohoa mara mbili, akazima. Fundi akatoa ule ubapa wake, akautumbukiza. Ukatoka mkavu kabisa.

Akakaa kwenye usukani. Hapakuwa na Kitinda wa kumuuliza zimekwenda wapi, alikuwa peke yake, yeye na gari. Maneno yale ya mdogo wake yakamjia kama yalivyosemwa, kwa sauti ile ile ya upole, na Fundi, mtu mzima mwenye mvi, akashuka akasimama barabarani kusimamisha magari. Lori la mchanga lililopita lilimvuta kwa kamba mpaka mjini. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa makanika.

"Kata fremu," akasema.

Yule mzee alimtazama juu ya miwani yake, akachukua msumeno wa chuma. Wakakata. Wakanyanyua bodi. Juu ya tangi, mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika ukiwa chini, kulikuwa na tope jeusi la vumbi na dizeli, limeganda nene kama keki. Makanika alilikwangua mpaka akafikia mpira mdogo wa kupumulia, ule unaotoa hewa tangi linapojazwa. Ulikuwa na tundu upande wa juu.

"Tangi likiwa nusu, mafuta hayafiki hapa, hayatoki," alieleza. "Likijaa, gari likiinua pua mlimani, yanarudi nyuma yanamwagika hapa, yananywewa na hili tope na vumbi la barabara. Ukisimama pa tambarare, kimya."

"Umezeeka," Fundi akasema haraka. "Mpira umezeeka tu. Ni juzi."

"Hili tope ni la juzi?" Makanika akauchomoa ule mpira, akaugeuza kwenye mwanga, akaubinya kwa kucha. "Na haukuzeeka. Umeungua. Ona."

Kwenye ukingo wa lile tundu ilikuwa imenasa punje ya chuma, ndogo, ya mviringo, imeyeyuka ikaganda ndani ya mpira. Fundi hakuhitaji miwani. Punje kama hizo alizifagia karakanani kila jioni ya maisha yake. Cheche moja tu ilikuwa imepenya pembeni ya gunia, siku ile ya fremu.

Alikaa chini pale pale kwenye mafuta.

Nyumbani alimwekea mkewe ule mpira juu ya meza, akamwonyesha. Mwanamke aliutazama, akajifunika uso kwa khanga, akalia. Hakusema nilikwambia. Alisema tu, "Nenda. Hata chakula usile. Nenda sasa hivi." Na kulikuwa bado kuna jua, akaenda, kwa miguu, kwa sababu Mlevi alikuwa hana bodi wala mafuta.

Aliulizia, akamkuta kwenye soko la mbao, upande wa pili wa mji. Kitinda alikuwa mvuta mkokoteni, mabega yamepanuka, viatu vya matairi. Mama mmoja alikuwa anamfokea, "Wewe Dumu, mbao zangu hizo zinakaa juani mpaka lini?" naye anamjibu, "Nakuja, mama, nakuja," bila hasira, kama mtu anayeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake.

"Shikamoo, kaka," Kitinda alisema alipomwona. Alifuta mikono, akamtafutia gogo la kukalia. "Shemeji hajambo? Kuna msiba?"

Fundi alishindwa kukaa. Akampa ule mpira. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakatoka matatu tu: "Tazama hapo pembeni."

Kitinda aliugeuza, akaipata ile punje, akaigusa kwa kidole.

"Siku ile ya magunia," akasema.

"Ndiyo."

"Upande huu gunia nilikuwa nalishika mimi." Akafikiri. "Labda nililegeza."

"Usiseme hivyo!" Fundi alipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Usithubutu kusema hivyo! Nimekuita mwizi, Kitinda. Mbele za watu. Na ulinieleza, ulinieleza kwa kinywa chako, harufu, mlima, kila kitu. Makanika naye akanieleza. Nikaona fremu ni bora kuliko wewe. Nisamehe. Mimi sistahili, lakini nisamehe."

"Nimekusamehe, mbona zamani," Kitinda alisema, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli.

"Rudi nyumbani basi. Gari chukua wewe. Karakana tugawane. Mtaa mzima nitaupitia nyumba kwa nyumba, niwaambie."

"Gari silitaki, kaka. Na mtaa wenyewe umeshasahau nilichoiba, umebakia na jina tu." Alikuwa anauzungusha ule mpira mikononi. "Kitu kimoja tu. Nenda kwa baba yake, umwambie."

"Kitinda, yule binti ameolewa."

"Najua ameolewa. Sijasema umrudishe. Nimesema umwambie baba yake. Alikuwa ananiita mwanangu."

Kesho yake asubuhi Fundi alivaa shati lake la kanisani na misibani, akaenda kwenye duka la mshonaji kuulizia nyumba ya mzee. Duka lilikuwa limeongezwa chumba. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, mtoto mdogo amelala kwenye rundo la vitambaa miguuni pake. Alimtambua mara moja. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

Fundi alieleza yote amesimama. Hakujitetea, kwa hilo mpe haki yake. Mwanamke alishona mpaka mshono ukaisha, akakata uzi, ndipo akanyanyua uso.

"Baba amefariki," akasema. "Mwaka jana, kipindi cha mvua."

Fundi akashika fremu ya mlango.

"Unajua nilimfuata Kitinda siku ile ile?" mwanamke aliendelea. "Kikao chenu kikiisha, wazee bado wanaaga. Nilimkuta njiani, nikamshika shati. Nikamwambia, rudi ndani ukamwambie baba hukuiba. Neno moja tu, baba anakupenda, atakuamini. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Akasema, 'Nikisema sikuiba, basi kaka ni muongo. Kaka alinilea. Siwezi kumwita muongo mbele ya wakwe.' Nikamwambia, kwa hiyo unanipoteza mimi. Akalia pale barabarani, watu wanapita. Lakini hakurudi ndani." Alikunja ile sare aliyokuwa anashona, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilimchukia miaka miwili. Si wewe. Yeye. Nilisema mwanamume gani huyu."

Fundi alilia. Hakulia kwa heshima, kwa leso na kugeuka pembeni. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mtoto akaamka akaanza kulia naye. Mwanamke akambeba mwanawe, akampa Fundi kipande cha kitambaa cha kaptula.

"Jifute," akasema. "Wateja wanakuja."

Saa nne alikuwa tena soko la mbao. Kitinda alimwona kutoka mbali, akaushusha mkokoteni uliojaa, akamsubiri.

"Mzee amefariki," Fundi akasema. "Mwaka jana."

Kitinda alitikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ameondoka anajua mimi ni mwizi."

Fundi alitafuta la kumpunguzia, akakosa. "Ndiyo."

Mashine ya kuranda mbao ilikuwa inanguruma nyuma yao, wakangoja ipungue.

"Na binti mwenyewe?" Kitinda akauliza.

"Alijua hukuiba. Siku zote alijua. Ameniambia ulivyomjibu. Kwa nini, mdogo wangu? Ungesema tu. Ungeniita muongo mara elfu."

Kitinda alikuwa anatazama kamba za mzigo wake, anazikaza mahali ambapo hazikuwa zimelegea.

"Yuko vizuri?"

"Yuko vizuri. Duka limekua."

"Ana watoto?"

"Nimemwona mmoja. Mdogo, wa kike."

"Amefanana naye?"

Fundi alitaka kusema hapana, kisha akaona kwamba uongo umetosha kati yao, hata ule wa huruma. "Sana," akasema. "Macho yale yale."

"Basi vizuri," Kitinda akasema. "Vizuri." Akainama akashika mikono ya mkokoteni, akaunyanyua, mishipa ikamtoka shingoni. Fundi akakimbilia nyuma, akaweka mabega yake kwenye mbao, akaanza kusukuma kwa nguvu zake zote huku machozi yanamdondoka.

"Acha, kaka," Kitinda akamwambia bila kugeuka. "Nimezoea."